Usukani Ulipocheza Ngoma Njia ya Ndera

Msomaji mpenzi, ukitaka kufika Ndera kutoka Mombasa, jiandae kuamka mapema. Utapita Kilifi na Malindi, utavuka mto Sabaki, kisha nyika itakupokea kwa miiba yake, vumbi lake na ng'ombe wanaovuka barabara kwa madaha kana kwamba wao ndio walioijenga. Ukifika Minjila njia zinagawanyika. Moja inakwenda Garsen mjini na kuendelea hadi Witu na Lamu. Nyingine inapanda sambamba na mto Tana kuelekea Hola na Garissa. Sisi tulishika hiyo ya pili.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Mke wangu ni Mpokomo, mzaliwa wa Ndera, na watoto wetu watatu, wazaliwa wa mjini, walikuwa hawajawahi kuuona mto wa mama yao. Nyuma ya Land Rover yetu kuukuu tulipakia unga, sukari, sabuni na kanga za mama mkwe. Watoto waliimba tangu Malindi.

Tulikuwa tumeiacha Minjila nyuma, mwendo wa kilomita 80 kwa saa, tairi la mbele lilipoangukia shimo pembeni mwa lami. Shimo lenyewe halikuwa kubwa. Lakini papo hapo usukani ulianza kupiga kushoto na kulia kwa nguvu ambayo mikono yangu haikuweza kuituliza. Dashibodi ilitetemeka, kioo cha kando kikapinda, na gari zima likawa linacheza kama mtu aliyepandwa na pepo. Mbele yetu, mita 200 hivi, kundi la ng'ombe lilikuwa likianza kuvuka, na kijana mchungaji alikuwa katikati yake.

Nilifanya jambo moja sahihi siku ile: sikuzikanyaga breki kwa hofu. Niliondoa mguu kwenye mafuta, nikaushika usukani bila kushindana nao, nikaliacha gari lipoteze mwendo polepole. Lilipofika kama kilomita 40 kwa saa, mtikisiko ulikoma ghafla kama ulivyoanza. Tulisimama hatua chache kutoka kwa ng'ombe wa kwanza. Watoto hawakuwa wakiimba tena.

Mke wangu alinitazama, akauliza swali alilokuwa ameniuliza wiki tatu kabla: "Baba Zuhura, ulimwuliza yule fundi kilichoharibika ni nini?"

Dawa ya kutuliza maumivu

Hapa sina budi kuungama. Gari lile lilikuwa limeshanitikisa mara moja karibu na Kilifi. Nililipeleka kwa fundi mmoja mjini, naye akafunga shokabsoba mpya ya usukani, ile ndogo inayolala nyuma ya bampa. Nililipa, nikalijaribu, likatulia. Nikarudi nyumbani nikitangaza kwamba gari limepona. Mke wangu alipouliza ugonjwa wenyewe ulikuwa upi, nilimjibu kwamba ugonjwa ukishapona haulizwi jina. Ujinga ulioje!

Tulikwenda hadi Ndera kwa mwendo wa baiskeli, tukaiacha lami na kushika njia ya udongo kuelekea mashariki, mtoni. Ukiwa unatoka katika ukavu wa nyika, ghafla unauona mstari wa kijani kibichi: miembe mikubwa, migomba na misitu inayoshikamana na kingo za Tana. Wapokomo hulima kando ya maji, nao Waorma na Wardei huleta mifugo yao kunywa. Mto huu, mrefu kuliko yote nchini Kenya, ndio unaowalisha wote, na ukifurika huwahamisha wote.

Baba mkwe alipokwisha kusikia habari zetu hakusema neno la lawama. Alimtuma mjukuu wake kumwita jirani, mzee aliyeendesha na kutengeneza magari ya kazi miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi shambani.

"Shikamoo, Mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Naambiwa umekuja na gari linalocheza ngoma." Akalizunguka polepole. Alipoiona shokabsoba mpya iking'aa alicheka. "Hii ni dawa ya kutuliza maumivu. Mgonjwa akilala usingizi usidhani amepona."

Kwa nini gari hucheza

Wanafunzi wasikilize vizuri, kwa maana hapa pana somo la fizikia. Umewahi kusukuma kigari cha dukani ukaona gurudumu moja la mbele likipigapiga huku na huku? Gari letu lina ugonjwa wa ukoo huo huo. Magari mengi madogo ya mjini yana magurudumu ya mbele ambayo kila moja hupanda na kushuka peke yake. Lakini Land Rover ya zamani, kama magari mengi ya kazi ngumu, ina ekseli moja nzima inayoyaunganisha yote mawili. Gurudumu moja likipigwa na shimo hupinduka kidogo. Tairi lenyewe hujitahidi kurudi mahali pake, lakini hupitiliza upande wa pili, kisha hurudi tena, na mwenzake hulazimika kulifuata. Viungo vikiwa vimekaza, msuguano wake huumaliza mchezo mara moja. Vikilegea, kila mpigo huchota nguvu katika mwendo wa gari lenyewe na kuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Ndiyo maana dawa ya haraka ni kupunguza mwendo.

Wala si ugonjwa mpya. Katika miaka ya 1920 uliwasumbua sana wenye magari Marekani na Ulaya, hata ukapewa jina la dansi ya kutikisa mabega iliyovuma siku hizo, shimmy. Mhandisi Mfaransa Georges Broulhiet aliandika juu yake mwaka 1925. Katika miaka ya 1930 viwanda vingi vilianza kuiacha ekseli nzima ya mbele katika magari ya abiria, na mtikisiko huu ulikuwa mojawapo ya sababu. Magari ya porini yalibaki nayo kwa kuwa ni imara, na hivyo yakabaki na hatari hiyo pia.

Uchunguzi chini ya mwembe

Mzee hakuwa na mashine. Alikuwa na jeki, spana, nyundo, kipande cha kamba ya katani na mizani ya ndoana, ile wanayotumia kupimia kambare. Alianza na rahisi, akamalizia na gumu, nami nakusimulia kwa mpangilio wake kwa sababu ndio wenye faida.

Kwanza matairi. Alipima upepo, akatafuta uvimbe ubavuni, kisha akapapasa ndani ya rimu. Udongo mweusi wa pande hizi ukikauka ndani ya rimu hulifanya gurudumu lielemee upande mmoja. Alibandua mabonge mawili. "Haya huamsha ngoma," alisema, "lakini hayaichezi." Nati za magurudumu alizikuta zimekaza.

Pili, aliliacha gari chini kwa magurudumu yake, akaniambia niwashe injini na kuchezesha usukani kidogo tu, kushoto na kulia, naye akalala kando akivishika viungo kimoja kimoja. Kiungo kizima husogea pamoja na mwenzake. Kilichokufa, kimoja husogea huku kingine kimebaki. Ncha za vyuma vya usukani zilikuwa salama. Boksi ya usukani ilikuwa imeshikamana na chesesi. Alipofikia chuma cha mkingamo kiitwacho Panhard, kinachoizuia ekseli isiende kando, aliniita nije nione. Bushi ya mpira kwenye ncha moja ilikuwa imeliwa hata boliti ikawa inacheza ndani yake kama jino bovu.

Nilidhani tumemaliza. "Bado," alisema. "Daktari akipata malaria, haachi kupima kifua."

Tatu, alizuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, akainua mbele, akaweka gogo imara chini ya ekseli, maana jeki si ya kuaminiwa na roho ya mtu. Alilishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. La kulia lilicheza. Je, ni beringi za gurudumu au ni kingipini, yaani pini za juu na chini ambazo gurudumu hugeukia? Alimwita binti yangu Zuhura, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, akamwambia akanyage breki kwa nguvu. Breki huushikanisha mhimili wa gurudumu na kiungo chake. Mchezo ukipotea, ugonjwa ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni kingipini.

"Umepotea?" Zuhura aliuliza kutoka ndani.

"Haukupotea, mjukuu wangu. Tumempata mwizi wa pili."

Siku tatu za kungoja

Bushi iliagizwa Malindi kwa simu, nayo ikaja kwa matatu hadi Minjila, kisha kwa bodaboda. Siku zile za kungoja ndizo zilizotupa Ndera yenyewe. Watoto waliamka alfajiri kwenda shambani na babu yao. Waliona mitumbwi ikivuka maji yenye rangi ya chai ya maziwa, wakafundishwa kutokaribia ukingo, kwa kuwa mamba hana likizo. Tulikunywa maziwa ya Waorma, tukala wali na samaki, na usiku tukaziona nyota ambazo taa za Mombasa zimetuficha.

Siku ya pili tulipelekwa msituni kumwona mbega mwekundu wa Tana. Yeye na mwenzake, kima mwenye kishungi aitwaye mangabi, hawapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa misitu ya mto huu. Kwa ajili yao eneo la hifadhi lilitengwa mwaka 1976. Zuhura alimtazama mbega mmoja kwa muda mrefu akiwa kimya. Nami nilikuwa nikimtazama Zuhura, nikiwakumbuka wale ng'ombe barabarani.

Bushi ilipofika, Mzee aliing'oa ile kuukuu kwa boliti ndefu na kipande cha bomba, akaivuta mpya mahali pake kwa njia hiyo hiyo. Kisha akafungua kingipini ya kulia. Beringi zilikuwa nzima, zimelegea tu. Chini ya kifuniko cha pini ya juu kuna vibati vyembamba. Ukipunguza vibati, pini hushuka na beringi hukaza. Alitoa kimoja, akafunga, kisha akatia ndoana ya mizani kwenye kiungo, vyuma vya usukani vikiwa vimefunguliwa, akavuta kuona ni uzito gani unaohitajika kukigeuza. Kila gari lina kiasi chake katika kitabu cha mtengenezaji. Kikilegea, gari litacheza. Kikikaza kupita kiasi, usukani utakuwa mzito na hautarudi wenyewe baada ya kona. Alirudia mara tatu hadi akaridhika.

Mwisho alipima kwa kamba nafasi kati ya matairi mawili, mbele na nyuma yake, kuhakikisha magurudumu hayakwenda upogo, akanionya nipitie kwenye mashine ya kupima magurudumu nikifika mjini.

"Na shokabsoba hii mpya tuitoe?" niliuliza.

"Iache. Ina kazi yake. Lakini kwanza ifungue tulijaribu gari bila hiyo."

Tukaifungua. Aliketi kando yangu, tukaenda barabarani, nikapandisha mwendo taratibu: 40, 50, 60. Tulipita juu ya kishimo, moyo wangu ukanipanda kooni. Usukani ulishtuka mara moja, ukatulia. Gari lilikuwa limepona pasipo dawa ya usingizi. Ndipo tulipoirudisha shokabsoba mahali pake.

Mzee alikataa malipo makubwa. Alipokea kiasi cha heshima na kuniambia, "Mwanangu, fundi akikuambia amebadilisha nini, bado hajakuambia kilichoharibika. Muulize. Asipojua, usipakie watoto."

Msomaji, nakuachia maneno hayo. Gari lako likianza kutikisika, usiongeze mwendo kutafuta mahali ambapo mtikisiko unapotea, wala usiridhike na kipuri kipya kinachong'aa. Anza na matairi, fuata viungo, malizia na kingipini, na usiondoke gereji kabla ya kuonyeshwa kwa macho yako kile kilichokuwa kikicheza. Na ukiwa mke au mtoto wa dereva, uliza bila haya. Mwenye gari anaweza kukasirika jioni moja, lakini ni heri hasira kuliko matanga.

Tulipoondoka Ndera, mama mkwe alitupakilia ndizi na kuku wawili. Tulipolipita lile shimo kabla ya Minjila, watoto waliacha kuimba, nami nikapunguza mwendo. Usukani ulitulia mkononi. Mke wangu hakusema kitu. Aliangalia dirishani, upande wa mto wao, kisha akaanza yeye mwenyewe ule wimbo wa watoto, nao wakaupokea.