Alisema Limeshatengenezwa

Ikifika Desemba, barabara ya kutoka Dar kwenda kaskazini haina siri. Wachaga na Wapare wanarudi kwao kula sikukuu, mabuti yamejaa mchele na vitenge vya mama, na trafiki wako kila kona. Mwaka jana na sisi tulikuwemo: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka 4, na mkoko wetu wa Kijapani, tulioununua ukiwa umetumika, kwa akiba yetu ya miaka miwili. Nasema akiba yetu, lakini ukweli ni kwamba mimi nilitaka kiwanja. Yeye alitaka gari. Gari likashinda.

Ile kelele nilianza kuisikia tangu Chalinze. Ko-ko-ko, mbele kushoto, kila tukipanda tuta.

"Nini hicho?"

"Barabara tu hiyo, mke wangu."

"Si ulisema ulipeleka gereji?"

"Limeshatengenezwa." Akaongeza sauti ya redio. Msomaji, kama uko kwenye ndoa, hiyo redio unaijua.

Kwao mume wangu ni Mbaga, juu kabisa Upareni. Unaacha lami Same mjini, kwenye joto na vichaka vya miiba, unapita Mwembe, unaanza kupanda. Kona baada ya kona hewa inapoa, migomba inaongezeka, na ukifika unakuta mama mkwe amekuandalia makande na blanketi zito. Siku mbili za kwanza zilikuwa raha tupu.

Siku ya tatu tulikuwa tunashuka kumpeleka mama mkwe kliniki ya presha mjini. Yeye amekaa nyuma na mjukuu wake, wanaimba. Tulikuwa mwendo wa polepole, labda kilomita 20 kwa saa, kwa sababu mvua ilikuwa imechimba makorongo. Gari likaingia kwenye shimo dogo tu, la kawaida. Nikasikia mlio kama chuma kimekatwa. Pua ya gari ikalala chini, usukani ukamponyoka mume wangu mkononi, tukavutwa kushoto mpaka tukagonga ukingo wa udongo. Kimya. Halafu mtoto akaanza kulia.

Hakuna aliyeumia. Tulipotoka nje tukakuta tairi la kushoto limekunjika, limelala ndani ya madigadi kama mguu uliovunjika. Nikaangalia upande wa pili wa barabara. Bonde. Ndipo akili ikanijia: siku tatu nyuma tulipita njia hii hii tukipanda, na tukipanda, kushoto ndiko kwenye bonde.

Mume wangu akaniambia nitoe pembetatu ya tahadhari. Sikuiona kwenye buti, nikafungua kidroo cha dashibodi. Pembetatu haikuwemo. Nilikuta karatasi nne zimekunjwa pamoja. Moja ilikuwa imechapwa kutoka kwenye intaneti, ina namba ya chesisi ya gari letu. Nyingine tatu zilikuwa za gereji ya wakala mmoja wa Dar. Spea hazijafika, lirudi Machi. Spea hazijafika, lirudi Mei. Spea hazijafika, lirudi Agosti.

Nikamwonyesha. Hakusema kitu.

Fundi alipanda kutoka Same kwa bodaboda. Akalala chini ya gari, akatoka na kipande cha chuma mkononi. "Boljointi ya chini hii, dada. Ndiyo inashika mkono wa sasipensheni na tairi, kama nyonga yako inavyoshika mguu. Mpira wake ulichanika, maji na vumbi vikaingia, grisi ikaisha, chuma kikalana na chuma. Lilikuwa linapiga kelele?"

"Tangu Chalinze," nikasema.

"Tangu zamani," mume wangu akasema, kwa mara ya kwanza.

Tukiwa tunasubiri, akanieleza. Rafiki yake mmoja alimshauri aingize namba ya chesisi kwenye tovuti ya watengenezaji huko Japani. Jibu likaja kwamba gari letu ni miongoni mwa yaliyoitwa kurekebishwa boljointi, ile ambayo mafundi wa mjini wanaiita rikoli, na kwamba la kwetu halijawahi kupelekwa. Akaenda kwa wakala. Wakamwambia kwanza kwamba si wao waliotuuzia. Aking'ang'ania, wakamwandikia tarehe. Akarudi mara tatu, kila mara anaomba ruhusa kazini. Mara ya nne hakwenda. Nilipomuuliza nyumbani, akajibu limeshatengenezwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Gari nililichagua mimi. Nilijua utasema kiwanja."

Iliniuma, kwa sababu ni kweli. Ningesema kiwanja. Na ningesema mbele ya watu.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye jiwe, mjukuu mapajani, anasikia yote. Akasema taratibu, "Wanatucheka Wapare kwamba tunauza ng'ombe kwa kesi ya kuku. Mwanangu, kesi yako hii ina watu wanne ndani. Uliiachia wapi?"

Tuliporudi Dar nikaanza kusoma, si unajua tena kazi yetu wahariri. Nikaelewa kwamba mume wangu hakuwa mjinga wala mvivu, ingawa uongo ulibaki uongo. Kiwanda kikigundua kosa, barua inakwenda kwa mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake. Gari likiuzwa nje, likapanda meli mpaka bandari ya Dar, barua haipandi nalo. Wewe mnunuzi wa tatu au wa nne hakuna anayekujua. Usipouliza mwenyewe, huambiwi.

Na kuuliza peke yake hakutoshi. Mfano maarufu ni wa Marekani, na si wa gari kama letu. Agosti 2012 Toyota iliita RAV4 za mwaka 2006 hadi 2011, takriban 760,000, kwa ajili ya mikono ya sasipensheni ya nyuma. Nati zake zisipokazwa vizuri baada ya kufanya alaimenti, kunakuwa na nafasi, kutu inaingia kwenye nyuzi, na mwisho mkono unaweza kuachia. Watu wakapeleka magari, wakarudi nyumbani wametulia. Septemba 2013 yakaitwa tena, kwa sababu baadhi hayakuwa yametengenezwa sawasawa mara ya kwanza. Kama kule inatokea, wewe na mimi tusiridhike na muhuri tu.

Januari tulikwenda kwa wakala wote wawili, siku moja, ruhusa moja. Tulibeba barua, nakala ya rikoli, zile karatasi tatu, na boljointi yenyewe kwenye mfuko wa rambo. Nakala ya barua tulipeleka Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Niliiweka ile chuma mezani kwa meneja, ikachafua karatasi zake, sikuomba radhi. Spea zilipatikana baada ya wiki tano. Gharama za Same hatukurudishiwa hata senti, na tumeamua hiyo kesi ya kuku tuiache. Lakini boljointi za pande zote mbili zimebadilishwa. Tuliomba za zamani tuzione, tukasimama fundi akikaza nati, tukalijaribu gari kwenye barabara mbovu kabla ya kusaini.

Kwa hiyo, wapendwa mnaotarajia kununua mkoko wa pamoja: namba ya chesisi iandikeni kwenye simu zenu wote wawili, itafuteni kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kulipa, na mkiambiwa rudi mwezi ujao, mwambiane jioni hiyo hiyo. Na wewe unayeambiwa, meza kwanza lile neno lako la kiwanja. Mimi nililitumia mara nyingi mpaka mume wangu akaona heri anidanganye kuliko alisikie tena.

Siku hizi ikisikika kelele anazima redio mwenyewe. Anasimamisha gari pembeni, tunashuka wote, tunachungulia. Mara nyingi ni jiwe tu.

Kiwanja bado hatujanunua. Hilo nalo tunalizungumza, kwa sauti ya kawaida.