Ua Dogo la Usambara

Ukitoka Handeni kwenda Korogwe unaiacha nchi kavu ya Wazigua, yenye mibuyu na vichaka, unavuka Mto Pangani, kisha unapokewa na mashamba ya mkonge. Inua macho: mbele yako imesimama milima ya Usambara. Huko, katika kivuli cha misitu, juu ya miamba yenye unyevu, huota ua dogo la rangi ya urujuani.

Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani na mtawala wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia, kwa heshima ya mtawala huyo. Tangu hapo limepamba madirisha ya dunia nzima. Kama Wajapani wanavyoitunza miti midogo ya bonsai vyunguni, ndivyo Wamarekani walivyounda chama cha kulitunza ua hili mwaka 1946. Chama hicho hakitafuti faida: wanachama hutoa ada, hufundishana na kufanya maonyesho.

Je, sisi tulio wenyeji wa ua hili tumefanya nini? Kila msitu unapofyekwa, makao yake hupungua. Basi usiling'oe msituni. Omba jani moja kwa mtu aliyelipanda nyumbani, ulichomeke katika udongo mwepesi wenye unyevu. Baada ya majuma kadhaa litachipuza miche mipya. Nawe ukimpa jirani jani, chama kimekwisha kuanza. Dirisha lenye mwanga, chungu kimoja na jirani mwema vyatosha.