Noti Ndogo na Kipimo Chake

Pesa ina maisha mawili. Katika maisha ya kwanza huulizwa yaweza kununua nini. Katika maisha ya pili, ikiwa haikupotea wala kuungua, huulizwa imehifadhika namna gani. Maswali haya hayafanani, na mara nyingi jibu la moja hulikanusha jibu la jingine. Jambo hili ni dhahiri katika noti ndogo za senti zilizotolewa na serikali ya Marekani kati ya mwaka wa 1862 na 1876, ambazo leo hukusanywa, hupimwa na kuuzwa kwa madaraja.

Noti hizo zilizaliwa na shida. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Marekani mwezi wa Aprili 1861, na mwisho wa mwaka ule mabenki yaliacha kubadili karatasi kwa dhahabu. Mwaka uliofuata serikali ilitoa noti ambazo mwenye nazo hakuweza kudai dhahabu kwazo. Thamani ya noti hizo ikashuka, na madini yaliyomo katika sarafu yakawa na bei kuliko karatasi iliyodai kulingana nayo. Watu wakaficha sarafu. Muuza mkate akakosa chenji, mwenye gari la farasi akakosa chenji, na aliyetaka kitu cha senti tano akakosa njia ya kukilipia. Ndipo watu walipokimbilia stempu za posta, kwa kuwa bei yake ilijulikana na kila mtu. Lakini stempu zina gundi. Zilishikamana mifukoni, zikararuka, zikawa taabu juu ya taabu.

Francis E. Spinner, aliyekuwa Mweka Hazina wa nchi, alibandika stempu juu ya vipande vya karatasi ili zipate kupita mikononi bila ya kuharibika. Sheria ya tarehe 17 Julai 1862 ilikubali stempu zitumike kulipia madeni ya serikali, na mwezi wa Agosti zikatoka noti za senti 5, 10, 25 na 50 zilizochapwa picha za stempu. Ile ya senti 25 ilionyesha stempu tano za senti 5 zenye sura ya Jefferson. Ile ya senti 50 ilionyesha stempu tano za senti 10 zenye sura ya Washington. Baadhi yake zilitobolewa matundu ukingoni, kama stempu zenyewe. Matoleo matano yalifuatana, na jumla ya thamani yake ilizidi dola milioni 368. Baadaye sarafu za fedha zilirudi sokoni, na sehemu kubwa ya noti hizi ikarejeshwa Hazina na kuharibiwa. Zilizosalia ndizo zilizoangukia mikononi mwa wakusanyaji.

Mkusanyaji anapopewa noti ya namna hii huishika kwa ukingo, huiinua mbele ya taa, kisha huitazama kwa kioo cha kukuzia. Hutafuta mikunjo, na akiiona huuliza kama imevunja nyuzi za karatasi au imeinamisha karatasi tu. Hutazama pembe nne kama ni kali au zimeviringika. Hutazama nafasi nyeupe iliyozunguka picha, maana noti nyingi zilichapwa pamoja katika karatasi moja kisha zikakatwa, na ukataji haukuwa sawa siku zote. Katika toleo la kwanza hukagua matundu ya ukingoni. Katika toleo la pili hukagua duara la rangi ya shaba lililowekwa kuzunguka kichwa cha Washington ili kuwatatiza wenye kughushi.

Baada ya hayo hutoa hukumu, na lugha ya hukumu hiyo ni ya ajabu kwa mgeni. Noti iitwayo "nzuri" iko karibu na chini kabisa: imelegea, imechafuka, na maandishi yake yamefifia. Iitwayo "nzuri sana" huizidi kidogo tu. Mithali husema kizuri chajiuza. Katika biashara hii kilicho "nzuri" hakina budi kujitembeza. Leo wapimaji huandika na tarakimu pia, mpaka 70, kwa kufuata kipimo ambacho William Sheldon alikitunga mwaka wa 1949 kwa ajili ya sarafu kubwa za shaba za senti moja.

Kwa hiyo noti iliyo juu kabisa ni ile ambayo haikufanya kazi. Haikununua mkate wala haikulipa nauli. Ililala ndani ya kitabu au sandukuni wakati dada zake wakihangaika sokoni. Iliyo chini ni ile iliyotimiza ahadi iliyochapwa juu yake, mara mia labda. Ni rahisi kusema kwamba wapimaji wamepotoka kwa kumtukuza mvivu na kumdharau mtumishi. Lakini shutuma hiyo si ya haki. Utumishi wa noti hauna shahidi. Hapana ajuaye ilipita mikononi mwa nani. Mkunjo waonekana, na watu wawili wasiojuana, mmoja New York na mwingine London, waweza kukubaliana juu yake. Daraja ni lugha ya makubaliano kati ya muuzaji na mnunuzi, wala halikudai kuwa zaidi ya hapo.

Hatari huingia pale tofauti ya daraja moja inapozidisha bei mara nyingi. Tamaa hufundisha ufundi. Kuna aoshaye noti ili uchafu utoke, na kuna aipigaye pasi ili mikunjo ilale. Mwingine huziba matobo ya pini, na mwingine hukata ukingo uliochakaa ili pembe zirudi kuwa kali. Lakini karatasi iliyooshwa hupoteza ugumu na rangi yake. Iliyopigwa pasi hupoteza mwinuko ulioachwa na bamba la mchapaji. Iliyokatwa hupungua kimo. Noti iliyochakaa husema kweli juu ya maisha yake. Noti iliyotengenezwa upya hunyamazisha kweli hiyo, na mwenye kuiuza bila ya kutamka huuza uongo.

Hazina yenyewe ilijua kwamba jicho hufunzwa. Katika miaka ya 1860 ilitengeneza ngao za karatasi zilizobandikwa vielelezo vya noti hizi, vilivyochapwa upande mmoja tu, ili mabenki yapate kulinganisha noti halali na za kughushi. Kazi ya mpimaji wa leo ni jamaa ya kazi hiyo. Mwaka wa 1862 muuza mkate alipokea kipande cha karatasi kwa sababu aliiamini ahadi iliyochapwa na watu asiowajua. Mnunuzi wa leo hupokea kipande kile kile kwa sababu ameamini tarakimu iliyoandikwa na mtu asiyemjua. Uaminifu ukiondoka, noti ya kwanza hainunui mkate, na ya pili haifai kuwekwa kabatini.

Yafaa basi mkusanyaji ayatenge mambo mawili katika daftari lake. Aandike daraja kama alivyoliona, bila ya kuongeza wala kupunguza. Na kando yake aandike kazi ambayo noti ile ilitolewa kuifanya. La kwanza litamwambia atoe kiasi gani. La pili litamwambia kwa nini noti ya senti 5 iliyochakaa, isiyo na pembe hata moja kali, yastahili nayo kupewa nafasi.