Kizuri Hakijiuzi Peke Yake

Kila mwaka, joto la Ulaya linapopungua na majani ya miti kuanza kupukutika, wachapishaji wa London, Paris na New York huingiza sokoni vitabu wanavyovitegemea zaidi. Nchini Ufaransa, kati ya mwisho wa Agosti na Oktoba, riwaya mia kadhaa hufika madukani kwa mkupuo, na magazeti huzipokea kama habari ya taifa. Uingereza kuna siku ambayo wauza vitabu wameipa jina la Alhamisi Kubwa, kwa wingi wa majalada magumu yanayotoka kwa pamoja. Sababu zinajulikana. Krismasi inakaribia, na kitabu ni zawadi. Tuzo ya Nobel ya Fasihi hutangazwa Oktoba, ya Goncourt ya Ufaransa Novemba, na ya Booker ya Uingereza katika majira hayohayo.

Sifa nazo hutoka kwa wingi uleule. Miezi kadhaa kabla ya siku ya mauzo, wahakiki hupelekewa nakala za awali, waandishi wenye majina huombwa maneno mawili matatu ya kuwekwa nyuma ya jalada, na magazeti huandaa orodha za vitabu vya msimu. Kitabu husifiwa kabla msomaji wa kawaida hajakigusa. Mimi ni msomaji wa Dar es Salaam, na orodha hizi nimezifuatilia kwa miaka mingi kwa hamu ya kweli, maana napenda vitabu na hufurahi kuona watu wakivishangilia. Lakini kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba zinatuhusu sote, hata yule asiyefungua riwaya. Zinatuonyesha jinsi tunavyotoa sifa, jinsi tunavyozipokea, na jinsi tunavyoumia tunapozisubiri.

Wazee wametuachia methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naipenda, kwa sababu inamhimiza mtu atie nguvu kwenye kazi kabla ya kutia nguvu kwenye tarumbeta. Hata hivyo, ipo riwaya moja iliyotoka katika msimu kama huu ambayo kila nikiikumbuka huniuliza kama methali hiyo imesema yote.

Mwaka 2020, janga la korona lilikuwa limewafanya wachapishaji wa Uingereza waahirishe vitabu vingi, na tarehe 3 Septemba pekee vilitoka karibu 600 vya jalada gumu. Katikati ya msongamano huo, mwezi huohuo, Abdulrazak Gurnah alitoa riwaya yake ya kumi, Afterlives. Alikuwa na umri wa miaka 71, mzaliwa wa Unguja, mwalimu mstaafu wa fasihi wa Chuo Kikuu cha Kent. Riwaya inahusu watu wa pwani yetu chini ya utawala wa Wajerumani. Yumo Hamza, kijana aliyejiunga kwa hiari na jeshi la wakoloni. Yumo Afiya, binti aliyevunjwa mkono na mlezi wake kwa kosa la kujua kuandika. Wahakiki waliokisoma kitabu hicho Uingereza walikisifu kwa heshima. Nchini Marekani, mwaka mzima ulipita bila mchapishaji yeyote kukichukua.

Kisha ikaja tarehe 7 Oktoba 2021. Simu kutoka Stockholm ilimkuta Gurnah nyumbani, akiwa jikoni, naye akadhani ni mtu anamfanyia mzaha. Alikuwa ameshinda Nobel. Vitabu vyake vikatafutwa kila mahali, na maduka mengi yakakuta hayana nakala. Toleo la Marekani la Afterlives likatoka Agosti 2022, likishangiliwa kama kitabu kipya. Lakini mkono wa Afiya ulikuwa umevunjika kurasa zilezile, kwa maneno yaleyale. Kitabu hakikubadilika herufi, waliobadilika ni wasomaji.

Tena, kabla ya siku ile, kitabu hakikuwa kimejiuza. Kilibebwa na watu wachache. Walikuwapo wahariri walioendelea kumchapisha Gurnah kwa miaka mingi ingawa mauzo hayakuwa makubwa. Nchini Uswidi, mchapishaji mdogo aitwaye Celanders alikuwa amekwisha kutoa vitabu viwili vya Gurnah kwa Kiswidi miaka kadhaa kabla ya tuzo. Hao hawakuwa na tarumbeta, walichokuwa nacho ni macho ya kusomea na ujasiri wa kuamini walichokisoma.

Na sisi wenye Kiswahili? Riwaya ya Paradise, hadithi ya kijana Yusuf anayetolewa na baba yake kulipia deni, iliingia kwenye orodha fupi ya Booker mwaka 1994. Ilitufikia kwa Kiswahili mwaka 2022, kwa jina la Peponi, kwa kazi ya mfasiri Ida Hadjivayanis na wachapishaji Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Ni miaka 28. Nawashukuru kwa moyo wote waliotuletea. Lakini inaniuma kwamba kitabu kilichojaa misafara yetu, bandari zetu na lugha yetu kilitufikia kwa Kiswahili baada tu ya Stockholm kupiga simu.

Ninachojifunza hapa ni kwamba kimya cha watu si hukumu juu ya kazi. Wapo wengi wanaohitaji kuambiwa hivyo. Mwalimu wa darasa la kwanza ambaye watoto wote husoma kufikia mwezi wa sita, na hakuna mzazi aliyewahi kurudi kumshukuru. Muuguzi wa zamu ya usiku. Fundi ambaye milango yake haipindi. Ukikaa muda mrefu bila kusifiwa, unaanza kusikia kimya kile kama jibu. Si jibu. Mara nyingi maana yake ni kwamba watu wamekuwa wakitazama upande mwingine, kwenye kile walichoelekezwa kukitazama msimu huo. Gurnah alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1987, na hadi Nobel ilipokuja alikuwa ameandika kwa zaidi ya miaka 30. Kama angeufanya ukimya wa soko kuwa kipimo chake, Afterlives isingeandikwa.

Lakini kelele nazo si hukumu, na upande huu ndio wenye hatari zaidi. Mwaka 1968 Yambo Ouologuem, kijana wa Mali mwenye miaka 28, alitoa jijini Paris riwaya yake ya Le Devoir de violence. Msimu ule alipata tuzo ya Renaudot, Mwafrika wa kwanza kuipata. Alisifiwa kama maajabu, kama sauti ya bara zima. Mwaka 1972 zikaja tuhuma kwamba amenakili sehemu za vitabu vya wengine, akiwemo Graham Greene. Kitabu kikaondolewa sokoni. Ouologuem akarudi Mali, akajitenga na ulimwengu wa fasihi, wala hakurejea tena kwenye majukwaa ya Paris. Alifariki Sévaré mwaka 2017.

Wataalamu bado wanajadili kosa lake na namna alivyoutumia uandishi wa wengine, nami siwezi kuumaliza mjadala huo hapa. Kinachonishughulisha ni sifa zile. Nyingi zilimsifu kwa kuwa Mwafrika aliyeandika hivyo, kabla ya kuuliza ameandika nini na kwa njia gani. Sifa ya namna hiyo haikusoma, kwa hiyo siku ya mashtaka haikuwa na cha kusema. Haikuweza kumtetea palipostahili kutetewa, wala kumsahihisha palipostahili kusahihishwa. Iliondoka upesi kama ilivyokuja.

Nafarijika kwamba kisa hicho hakikuishia hapo. Novemba 2021, wiki chache baada ya Nobel ya Gurnah, tuzo ya Goncourt ilikwenda kwa Mohamed Mbougar Sarr wa Senegal, akiwa na miaka 31, Mwafrika wa kwanza wa kusini mwa Sahara kuipata. Kitabu chake kilitolewa na mchapishaji mdogo wa Paris, Philippe Rey, kwa kushirikiana na Jimsaan ya Dakar. Kimetabarukiwa kwa Yambo Ouologuem, na kinasimulia habari za mwandishi Mwafrika aliyepandishwa juu na magazeti ya Paris kisha akaangushwa. Fedha ya Goncourt ni euro 10 tu, ila kitabu kilichoshinda hufungwa utepe mwekundu na kuuzwa kwa malaki. Kijana yule alisimama penye kelele zilezile akiwa ameshika mkono wa mtu aliyenyamazishwa na kelele hizo. Anayejua historia ya sifa huzipokea kwa shukrani, asijenge nyumba juu yake.

Tuna methali nyingine inayojulikana na kila mtoto wa shule: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Humwonya anayesifiwa asilewe. Ni onyo la haki, lakini mzigo wote limemtwika mgema. Je, aliyesifu alikuwa ameonja?

Na hata sifa ya aliyeonja yaweza kuharibiwa. Mwaka 1855 mshairi Walt Whitman alitoa mashairi yake ya Leaves of Grass kwa gharama zake mwenyewe. Ralph Waldo Emerson, mwandishi mashuhuri wa Marekani wakati ule, akamwandikia barua ya faragha ya kumpongeza. Mwaka uliofuata toleo la pili likatoka na maneno ya barua ile yamechapwa kwa dhahabu kwenye mgongo wa kitabu, bila Emerson kuombwa ruhusa. Maneno ya mtu aliyesoma kwa moyo yakageuzwa kuwa tangazo. Mwaka 1936 mwandishi George Orwell aliandika insha akilalamika kwamba wahakiki wanaosifu kila riwaya kwa sababu magazeti yanaishi kwa matangazo ya wachapishaji wameishushia riwaya yenyewe heshima, kwani msomaji akidanganywa mara nyingi huacha kuamini hata sifa za kweli. Januari 2025, chapa kuu ya Simon & Schuster ya New York ilitangaza kwamba haitawadai tena waandishi wake watafute maneno ya sifa kwa ajili ya jalada. Biashara yenyewe imeanza kuchoka na sifa za kuombana.

Kwetu sifa hazina majira, zina ukumbi. Nimehudhuria uzinduzi wa vitabu mara nyingi. Mgeni rasmi husimama akasifu uzalendo wa mwandishi, akasifu jalada, akawasifu waandaaji, kisha nakala ya kwanza hunadiwa kwa fedha nyingi. Ni jambo jema kumchangia mwandishi, hasa katika nchi ambayo kitabu kisichoingia kwenye mtaala wa shule huuzwa kwa shida. Ila mara nyingi ukumbi hufungwa bila mtu yeyote kusoma hata aya moja kwa sauti.

Katika uzinduzi mmoja, mwalimu mstaafu aliomba dakika mbili. Alifungua kitabu mahali alipokuwa ameweka alama, akasoma mazungumzo ya baba na binti yake wakiagana stendi ya basi, akasema kwamba mwandishi amefanikiwa kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao anayetaja kuachana. Kisha akasema sura ya mwisho imeharakishwa, na kwamba mama wa yule binti alistahili kusikika zaidi. Akaketi. Mwandishi, aliyekuwa amesikiliza sifa kwa muda mrefu akitabasamu tu, alichukua kalamu na kuyaandika maneno ya mwalimu yule.

Tangu hapo hiyo ndiyo imekuwa maana yangu ya kusifu. Sifa ni ushuhuda, na shahidi lazima awe amekuwepo. Anayesifu hutaja alichokiona, mahali alipokiona, na kwa nini kimemgusa. Asipoweza kutaja, bora ashukuru tu na kunyamaza, maana sifa ya jumla humnyima mwenzako kile anachokihitaji zaidi, nacho ni kujua kwamba kazi yake imetazamwa kweli. Vivyo hivyo nyumbani na kazini. Kumwambia mtoto kwamba ana akili sana ni rahisi. Kumwambia kwamba umeona alivyorudia hesabu ile mpaka ikakubali kunataka uwe umekaa naye.

Kwa hiyo siwaombi wachapishaji wanyamaze. Kitabu kisichotangazwa hakimfikii msomaji, na yule mwandishi anayeanza, asiye na jina, ana haki ya kutajwa. Msimu ujao nitazisoma tena orodha zao, na nitazipokea kama mwaliko. Uamuzi utabaki kazi yangu mimi niliyefungua kitabu.

Na wewe unayesoma haya, kama mwaka huu utakutana na kitabu chema, kiwe cha msimu huu au cha miaka thelathini iliyopita, mwambie mtu mmoja, umtajie na ukurasa uliokusimamisha. Ukiona kazi njema ya jirani, ya mwalimu wa mwanao, ya mfanyakazi mwenzako, mwambie angali hai, angali anaweza kukusikia. Wazee hawakukosea waliposema kizuri chajiuza. Ila kila kizuri kilichowahi kujiuza kilimpata kwanza mtu aliyekitazama vizuri, akawa mkweli alipokwenda kuwaambia wengine. Mtu huyo tunaweza kuwa sisi.