Orodha ya Wapiga Kelele

Mwalimu akitoka darasani, humwachia kiranja kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele. Kila aliyesoma shule ya msingi nchini Kenya anaijua karatasi hiyo. Wasichokijua wazazi wengi ni kwamba ina bei. Katika shule ya kwanza niliyofundisha huku Kyuso, jina lilifutwa kwa nusu hindi la kuchoma, kwa biro, au kwa maembe wakati wa msimu. Kiranja aliweza kuandika mbele ya jina "mara mbili" au "mara tatu", na viboko vikaongezwa kwa hesabu hiyo, kwa hiyo hata kupunguziwa "mara" kulikuwa na malipo yake. Mtoto asiye na cha kutoa alichapwa kwa kelele ambazo hakupiga. Nililigundua soko hilo kwa sababu ya msichana mmoja wa darasa la nne, mkimya kiasi kwamba akisoma ilinibidi niiname nimsikie. Huyo ndiye aliyeongoza orodha muhula mzima.

Karatasi ile ilinifunza jambo ambalo limeniongoza katika kazi yangu yote. Mtoto anayewaonea wenzake shuleni mara nyingi ana kifaa mkononi, na kifaa hicho amekipata kwetu sisi walimu.

Nilitoka Chuo cha Ualimu cha Kilimambogo na cheti cha P1 wakati mfumo wa 8-4-4 ulikuwa bado mchanga. Kyuso wakati huo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kitui. Baadaye ikawa Mwingi, ikawa wilaya yenyewe kwa muda, na kaunti zilipoanza mwaka 2013 tukajikuta tumerudi Kitui. Mabango ya ofisi yalibadilika kila mara, nasi tukaendelea kufuta vumbi lile lile ubaoni. Nilidhani ningekaa miaka michache kisha niombe uhamisho. Nikaolewa huku, nikabaki.

Wenye umri wangu wanakumbuka pia disiki. Mtoto aliyesikika akizungumza Kikamba uwanjani alipewa kipande cha mbao akae nacho, na njia pekee ya kukiondoa ilikuwa kumnasa mwenzake akisema Kikamba. Jioni wote waliokishika walipanga mstari. Tulidhani tunafundisha Kiingereza. Watoto walijifunza kunyemelea, kuchongea, na kumkwaza makusudi mwenzao aliye dhaifu ili ashtuke apige kelele kwa lugha ya mama yake. Nimewahi kuona mtoto akikanyagwa mguu kwa ajili hiyo, na aliyemkanyaga akimkabidhi mbao kabla machozi hayajadondoka.

Dawa ya mambo yote ilikuwa kiboko. Watoto wawili wakiletwa ofisini, mmoja kamwonea mwenzake, desturi ilikuwa kuwachapa wote wawili, mmoja kwa kuanza na mwingine "kwa kupigana". Mtoto hahitaji kuchapwa hivyo zaidi ya mara moja ili aamue kwamba kunyamaza ni nafuu. Serikali ilipiga marufuku kiboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaweka adhabu kwa mwalimu mwenyewe: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Wenzangu wengi walilalamika kwamba tumefungwa mikono. Wazazi nao walikuja wakisema, "Mwalimu, wewe mchape tu, mimi nimekuruhusu." Kwangu marufuku yale yalileta faida moja ambayo hakuna aliyeitabiri: watoto walianza kusema. Si wote, wala si upesi, ila walianza.

Sasa nije kwenye maji, maana huku kwetu uonevu hauwezi kuelezwa bila maji. Kiangazi kikikaza, mito yetu huwa mchanga mtupu, na watu huchimba visima mchangani. Shule ikitaka kupika, kila mtoto huja asubuhi na mtungi wa lita tano. Aliyefika na mtungi mtupu alirudishwa mtoni, au alibaki nyuma kabisa ya mstari wa chakula. Katika shule moja niliyohamishiwa, wavulana wakubwa waligundua kwamba hakuna haja ya kuamka saa kumi usiku kupanga foleni kisimani. Walisubiri pale njia inapovuka mto, wakamimina maji ya watoto wadogo katika mitungi yao wenyewe, taratibu, bila kumwaga hata tone. Watoto wa darasa la pili walifika shuleni na mitungi mitupu, na sisi, kwa kufuata kanuni yetu, tukawaadhibu.

Susu mmoja, yaani bibi kwa Kikamba, ndiye aliyeleta habari. Alikuwa analea wajukuu wake kwa kuwa mama yao alifanya kazi Nairobi. Alikuja na mtoto kamshika mkono, akaketi kwenye benchi nje ya ofisi, akakataa chai.

"Mwalimu, huyu namhamisha."

"Susu, nani amemkosea?"

"Nyinyi," akasema. "Mimi namjazia mtungi kwa mikono yangu. Nyinyi mnamwuliza maji yako wapi, hamwulizi yamekwenda wapi."

Naibu wa mwalimu mkuu alitaka wale wavulana wasimamishwe mbele ya gwaride, waombe msamaha, wapeane mikono na wadogo, mambo yaishe. Nilipinga, na ningepinga hata leo. Msamaha wa gwarideni ni mchezo wa kuigiza. Mdogo analazimishwa kumgusa anayemwogopa huku shule nzima ikitazama, na mkubwa anatoka pale akijua ni nani aliyemsema. Nilichoomba ni jambo la kuchosha zaidi. Adhabu ya mtungi mtupu iondolewe. Madarasa ya chini yasibebe maji kabisa. Wazazi wenye punda wapange zamu ya kuleta maji, na kila mtungi wa wakubwa umiminwe kwenye pipa langoni, mwalimu wa zamu akiwa amesimama pale. Kikao na wazazi kilikuwa kirefu na chenye makelele, kwa sababu punda wakati wa kiangazi ni mali. Lakini walikubali, na uporaji wa mtoni ukaisha wenyewe. Maji yalipokoma kumwokoa mtu na adhabu, hakuna aliyetaka kuyaiba.

Wale wavulana niliwaita mmoja mmoja, siku tofauti, ili asiwepo wa kujionyesha kwa mwenzake. Hapa niseme kitu kuhusu imani iliyoenea kwamba kila mwonevu ana dhiki nyumbani. Wapo wenye dhiki. Lakini kinara wao alikuwa mtoto wa mtu mwenye sauti katika kamati ya shule, ameshiba kuliko darasa lake lote, na alifanya vile kwa sababu vilimfaa. Huyo hakuhitaji kubembelezwa. Alihitaji kujua kwamba baba yake ameitwa, kwamba imeandikwa kitabuni, na kwamba nitamwuliza tena Jumatatu, na Jumatatu inayofuata.

Mwaka 2003 elimu ya bure ilipoanza, madarasa yalifurika. Walikuja vijana waliokuwa wameacha shule kwa kukosa karo, wengine wameanza kuota ndevu, wakaketi dawati moja na watoto wa miaka kumi. Watu hupenda kumkumbuka Mzee Kimani Maruge, aliyejiandikisha shule ya msingi kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, na ni haki akumbukwe. Huku kwetu wakubwa hawakuwa wazee wenye busara. Walikuwa barobaro wenye haya ya kushindwa kusoma mbele ya wadogo, na haya hiyo waliimalizia kwa ngumi nyuma ya vyoo. Tuliwapa kipindi chao cha kusoma peke yao saa za alasiri, na ngumi zikapungua.

Nilipopewa kazi ya ushauri nasaha, nilihudhuria semina Mwingi ambako mwezeshaji alitueleza kuhusu Ufini. Profesa mmoja wa chuo kikuu cha Turku, Christina Salmivalli, alichunguza sana si mwonevu wala mwonewa, bali watoto wanaotazama: wanaocheka, wanaoshangilia, wanaojifanya hawaoni, na wachache wanaotetea. Mpango wa shule uitwao KiVa ulijengwa juu ya uchunguzi huo, na mwaka 2009 ukaanza kuenezwa katika shule za nchi nzima. Walimu wengine walinong'ona kwamba Ufini haina foleni ya maji. Ni kweli, lakini duara la watoto wanaocheka nililijua vizuri. Niliporudi nikaacha kumwuliza mtoto, "Nani alikupiga?" Nikawa nauliza, "Nani walikuwepo?" Majibu huja kwa urahisi zaidi, kwa sababu kutaja waliokuwepo si kuchongea. Kisha nawaita hao, nawauliza kila mmoja alisimama wapi. Mtoto aliyelazimika kueleza kwamba alicheka tu hachekelei tena kwa raha ile.

Kwa wasichana, uonevu ulikuja na doa kwenye sketi. Wavulana wa darasa la saba walikuwa na wimbo wao, na msichana aliyeimbiwa alikaa nyumbani juma zima, wengine hawakurudi. Sheria ilirekebishwa mwaka 2017 ili serikali itoe sodo za bure shuleni. Zilifika kwa vipindi, zikachelewa, zikafika tena. Nilichoweza mimi ni kuweka sweta na sketi za akiba kwenye kabati la ofisi yangu, na kuwafundisha wavulana somo lile lile nililowafundisha wasichana, katika chumba kimoja, mlango ukiwa wazi. Siku ya kwanza walijificha nyuma ya vitabu. Mwishoni mwa muhula mmoja wao alikuja mbio kuniambia, "Mwalimu, fulani anahitaji sweta," kisha akaondoka bila kucheka.

Kuna nyakati darasa lilileta yaliyosemwa nyumbani. Ugomvi wa malisho na wafugaji wa ngamia upande wa Ngomeni na Tseikuru ulipowaka, mtoto mmoja Msomali katika shule yetu alibaki dawati peke yake. Hakuna aliyempiga. Walimhama tu. Sikuhubiri. Nilibadilisha makundi ya kazi ya darasa zima, nikampa yeye na watoto watatu walioheshimiwa na wenzao kazi ya kutunza miche ya shule, ambayo huwezi kuimaliza bila kuzungumza. Jambo hilo siwezi kusema lilikwisha. Lilipoa.

Nimestaafu mambo mapya yakiwa yameanza. Tangu Januari 2023 wanafunzi wa gredi ya saba, na sasa ya nane na ya tisa, wanasomea ndani ya shule za msingi. Lango moja linapitisha mtoto wa chekechea na kijana wa miaka kumi na mitano. Walimu wa sekondari msingi na wale wa msingi wamekuwa wakivutana juu ya nani msimamizi wa nani, na mabishano hayo yana hoja nzito pande zote. Lakini nimetembelea shule ambako wakati wa mapumziko kila upande unadhani zamu ni ya mwenzake, na vyooni hakuna mtu mzima kabisa.

Nawaomba walimu hao wakati wakubwa wao wanaendelea kubishana: ketini pamoja kabla ya muhula kuanza, mwandike ni nani anasimama chooni, nani bombani, nani kwenye sufuria, kwa kila mapumziko ya kila siku. Orodha ya wapiga kelele ichaneni. Na ile namba ya kuwasaidia watoto, 116, iandikeni ukutani mahali mtoto wa gredi ya kwanza anaweza kuisoma. Kuipiga ni bure.