Nilivyokifungia Chama Kashani

Nilikuwa katibu wa chama cha watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu hapa Mwanjelwa, Mbeya, na kwa miaka mingi niliwanyima wanachama chama chao wenyewe. Jina la chama naliacha kwa kuwa kosa ni langu. Nalisema hadharani kwa sababu wapo waliodhani tulidorora kwa uvivu wa wanachama, nami niliwaacha waamini hivyo.

Tulianza na sababu nzuri. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia Ruvuma mwaka 2003, ukaja kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi mkoa baada ya mkoa. Mtoa dawa alitakiwa apate mafunzo, aandike alichotoa, atambue dalili za hatari kwa mtoto mwenye homa na ajue wakati wa kumwambia mzazi, "Huyu mpeleke hospitali sasa hivi." Wengi wetu ni kina mama, na duka tunalolifungua alfajiri mara nyingi si letu, ni la mwajiri. Tulihitaji mahali pa kuulizana, na sauti moja ya kufikisha hoja zetu Baraza la Famasi. Hakuna aliyelipwa hata shilingi. Kazi za chama tulizifanya usiku, duka likishafungwa.

Katika chama cha kujitolea, anayekubali kazi moja huongezewa ya pili na ya tatu. Nami nilikubali zote. Muhuri, daftari la wanachama, kitabu cha stakabadhi na katiba yetu vilikaa ndani ya kasha la bati chini ya kaunta yangu, kando ya maboksi ya ORS. Ufunguo niliufunga kwenye pindo la khanga. Nywila ya barua pepe ya chama niliijua mimi tu. Nasi ni watu wa Mwanjelwa, tulioshuhudia soko likiteketea mwaka 2006, kisha soko la SIDO walikohamia wafanyabiashara likaungua nalo mwaka 2011. Tunajua maana ya kuweka kila kitu chini ya paa moja. Bado niliweka.

Nilijiambia kwamba nagawa kazi. Fulani atafute ukumbi, fulani anunue soda, fulani awapigie simu wenzetu wa Mbalizi. Hizo zilikuwa shughuli tu. Uamuzi sikuugawa: nani aandikiwe barua, fedha itumike wapi, ajenda ianze na nini. Watu wazima wenye akili zao niliwageuza kuwa matarishi wangu.

Kijana mmoja wa Uyole, mtoa dawa makini, aliniambia, "Mama katibu, naomba nikupunguzie. Mihtasari nitaiandika mimi." Nikakubali. Akaleta muhtasari uliochapwa vizuri, kila hoja na jina la aliyeitoa. Nilimshukuru, nikaenda nao nyumbani, nikauandika upya wote kwa mkono wangu. Niliondoa sehemu ambayo wanachama walihoji matumizi ya michango. Fedha ilikuwepo yote, haikupotea hata senti. Lililonikera ni kuhojiwa. Kikao kilichofuata nilisoma wa kwangu. Yeye alikaa na nakala yake mkononi, akifuatilia mstari kwa mstari, mpaka alipofika kwenye sehemu niliyoiondoa. Akaikunja, akaitia mfukoni. Hakulalamika, na kikaoni hakurudi tena.

Kisha mama yangu akaugua, nikaenda Iringa kumuuguza. Kasha lilibaki limefungwa. Taarifa na ada ya mwaka kwa Msajili wa Jumuiya vikachelewa, lakini hilo lilirekebishika. Lisilorekebishika ni la dada mmoja aliyeachishwa kazi na mwenye duka bila maelezo. Mgogoro wa namna hiyo hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Alihitaji mtu wa kumwonyesha njia na kumsindikiza, na kila aliyemwendea alimjibu, "Msubiri mama katibu." Wala hawakuwa na roho mbaya. Nilikuwa nimewazoesha kwamba pasipo mimi chama hakipo. Siku zikapita. Nilipopokea simu yake kwa utulivu, muda ulikuwa umekwisha.

Vikaoni nilipenda sana kusimulia jinsi Mwalimu Nyerere, Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, alivyoachia uwaziri mkuu, akamkabidhi Rashidi Kawawa, akaenda kuijenga TANU. Niliisimulia kama habari ya unyenyekevu, nikapigiwa makofi. Sikujiuliza kwa nini kiongozi aone kwamba chama kinahitaji watu wanaokijua na kukiendesha kuliko kinavyomhitaji yeye kwenye kiti.

Nimekabidhi. Daftari lina mtu wake, stakabadhi zina mtu wake, barua zina mtu wake, na kila mmoja ana mwenzake anayejifunza kazi hiyo hiyo. Benki kuna watia saini watatu na mimi simo. Nywila wanaijua wawili. Muhtasari wa kwanza ulikuwa na makosa, na mkono ulinisumbua kutaka kuyasahihisha. Niliyataja kikaoni kama mwanachama mwingine yeyote, wakayarekebisha wao.

Kwa dada yule nilikwenda kuomba radhi mbele ya wenzake. Alinisikiliza, akasema amesamehe lakini kazi hajapata. Kijana wa Uyole amenijibu kwa heshima kwamba hatarudi, na sina haki ya kumsukuma.

Wenzetu wa Kyela na Chunya bado hawajawahi kushika nafasi yoyote, kwa sababu vikao vyote nilivifanyia hapa, karibu na duka langu. Kijacho kitafanyika Tukuyu, na ajenda inaandikwa na watu wa huko.