Skonzi za Omurushaka na habari ambayo baba alichelewa kuwapa wanawe

Waliokulia Karagwe na Kyerwa wana vyakula ambavyo hawavitaji bila kutabasamu. Wapo wanaoanza na kabalagala, zile za unga wa muhogo na ndizi mbivu ambazo majirani wa Uganda nao wanazijua kwa jina hilohilo. Wapo wanaokumbuka senene wa Novemba. Lakini ukiwakuta watu wa miaka 40 na kuendelea wamekaa pamoja msimu wa Krismasi, haichukui muda kabla mmoja hajataja skonzi za bekari ya kuni.

Jina lake lilitoka kwa Waingereza, ila skonzi ya huku si ile ya kwao. Ya kwao huumuliwa kwa bekingi pauda na huliwa siku hiyohiyo. Ya huku huumuliwa kwa hamira, ni ya duara, juu imepakwa sukari kidogo au mafuta ili ing'ae, na hutoka tanurini ikiwa imeshikana na wenzake. Unanunua pande la skonzi sita au nane, kisha unazibandua kwa mkono. Za pembeni zina ganda gumu. Za katikati hazina ganda ubavuni, ni laini kama pamba.

Bekari za aina hiyo hazina mengi. Ni chumba kimoja, meza ndefu ya mbao, trei za bati zilizoungua mpaka zikawa nyeusi, na tanuri la matofali nyuma ya nyumba. Unga hukandwa jioni. Nyanda za Karagwe zina baridi na ukungu wa asubuhi, hivyo hamira hufanya kazi taratibu usiku kucha. Alfajiri mwokaji huwasha kuni za mkaratusi ndani ya tanuri lenyewe, huziacha ziungue mpaka ziwe makaa, kisha huyatoa makaa yote na kufuta sakafu kwa gunia lililoloa. Hana kipimajoto. Hurusha kiganja cha unga ndani. Unga ukiwa mweusi papo hapo, husubiri. Ukigeuka rangi ya kahawia polepole, huingiza trei.

Mkate wa pesa ya kahawa

Ngano si chakula cha kawaida cha eneo hili. Nyumbani watu walikula ndizi na maharage, asubuhi uji au viporo. Mkate ulikuwa wa mgeni, wa mgonjwa, au wa siku ambayo kahawa imelipwa.

Halafu ikaja miaka ambayo hata huo haukuwepo. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi nzima iliingia kwenye uhaba. Sukari, sabuni na unga wa ngano vilitoka kwa mgao, na mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Biashara ilipoanza kulegezwa kuanzia 1984, bidhaa zilirudi madukani kidogo kidogo. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa na miaka saba au nane katikati ya miaka ya 1980 anakumbuka vizuri skonzi yake ya kwanza, kwa sababu kabla ya hapo alikuwa haijui.

Mmoja wa watoto hao sasa ni baba wa watoto wawili na anaishi Mwanza. Alizaliwa 1979 karibu na Nkwenda, wakati Kyerwa ilipokuwa bado sehemu ya Karagwe, kabla ya kuwa wilaya yake mwaka 2012. Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa. Kila alipopokea malipo ya kahawa alirudi na pande la skonzi limefungwa kwenye gazeti, na mfukoni akiwa na kahawa ya kutafuna. Alizibandua skonzi mwenyewe. Za pembeni aliwapa wakubwa, za katikati akawapa wadogo, na yeye akabaki na gazeti, akiokota makombo ya sukari kwa ncha ya kidole.

Skonzi iliyorudishwa kwenye mfuko

Desemba iliyopita baba huyo alipanga safari ya Krismasi na familia yake. Walipofika Omurushaka, pale barabara inapoachana kuelekea Nkwenda na Murongo, alisimamisha gari kwenye bekari aliyokuwa akiizungumzia njia nzima. Ilikuwa bado ipo. Akanunua pande mbili zikiwa na joto lake, akawapa watoto nyuma ya gari, akageuka kuwatazama.

Binti wa miaka 11 aliuma mara moja, akatafuna kwa adabu, akaishika mkononi. Mdogo wake wa miaka saba aliuma, akasema ni ngumu na inanuka moshi, akairudisha kwenye mfuko ikiwa na alama ya meno.

Baba alipandisha sauti, jambo ambalo si kawaida yake. "Mnajua hii ni nini?" Hakuna aliyejibu, maana hakuna aliyejua. Akawasha gari, na kutoka hapo mpaka Nkwenda hakuna aliyezungumza. Watoto walidhani wamefanya kosa kubwa ambalo hawakulielewa. Mama yao alimtazama mumewe mara kadhaa, kisha akatazama migomba ya barabarani.

Wazazi wengi watajiona hapa. Unamrudisha mtoto kwenye kitu ulichokipenda, unasubiri uso wake ung'ae kama wako ulivyong'aa, haung'ai, unakasirika. Na hasira huwa kubwa kuliko kilichotendeka. Hiyo ni dalili kwamba haihusu chakula peke yake.

Alichosema shangazi

Waliyemfikia Nkwenda ni shangazi wa baba huyo, dada wa marehemu baba yake. Ndiye aliyemlea na wadogo zake watatu. Usiku, watoto walipolala, aliuona mfuko wa skonzi mezani haujaguswa, akauliza. Akasimuliwa.

"Watoto wameonja unga na moshi," alisema. "Kingine ulichokionja wewe hujawapa bado, mwanangu."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Watoto wale walijua kwamba babu yao "aliugua akafariki", basi. Familia nyingi za Kagera zimeishi na sentensi hiyo kwa muda mrefu. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walitoka mkoa huu, mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata nyumba nyingi zilizika wazazi, na watoto wakabaki mikononi mwa bibi, shangazi na wajomba. Dawa hazikuwepo. Aibu ilikuwepo, na watu walijifunza kunyamaza ili watoto wasinyooshewe vidole shuleni. Baba wa mkulima huyu mdogo wa zamani alifariki 1990, mama yake mwaka uliofuata.

Usiku huo shangazi alimwambia pia jambo ambalo hakuwahi kulisikia. Msimu wa kwanza baada ya msiba, shangazi alikwenda kupokea pesa ya kahawa, akapita pale bekari nazo zikiwa mkononi. Alijua watoto wanne wanamsubiri njiani, na alijua wanasubiri nini. Akasimama kidogo, kisha akaenda duka la pili akanunua madaftari.

"Nilikuona ulivyonitazama mikono," alisema. Hakuomba radhi wala hakujisifu.

Kwa miaka yote hiyo mpwa wake alikuwa akiamini kwamba skonzi ziliondoka na baba. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu aliyezipita dukani kwa makusudi, na kwamba daftari zake za darasa la sita zilitoka hapo.

Maswali ya watoto

Jioni iliyofuata waliketi wote jikoni kwa shangazi. Skonzi zilikuwa zimeanza kukauka, hivyo zilibanduliwa na kupashwa juu ya makaa, chini zikashika rangi, zikaliwa na chai ya maziwa. Baba akaanza na gazeti na makombo ya sukari. Kisha akasema babu yao aliugua UKIMWI, akalitaja neno lenyewe, akasema alifariki yeye akiwa na miaka 11.

Binti, ambaye naye ana miaka 11, alinyamaza kwanza. Swali lake halikuwa juu ya babu. "Na wewe, Baba, unaumwa?"

Mzazi anayejiandaa kwa mazungumzo ya namna hii alitegemee swali hilo. Kabla mtoto hajahuzunika kwa ajili ya aliyekufa, anataka kujua kama walio hai wako salama. Baba alimjibu kwamba amepima, hana virusi, na mama yao pia. Angekuwa navyo, jibu lingekuwa vilevile la kweli na la utulivu, kwamba ana dawa na anaendelea kuishi.

Swali la pili lilikuwa kama babu angepona iwapo angeugua sasa. Hapo ukweli ni rahisi kueleza. Asingepona kabisa, lakini angemeza dawa kila siku na angeweza kuishi miaka mingi akilima kahawa yake. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure katika hospitali nchini mwaka 2004. Alikufa miaka 14 kabla.

Yule mdogo alikuwa na swali lake. "Ya katikati ilikuwa ya nani?"

"Ya baba yako mdogo, yule wa Bukoba."

"Anayekuja Krismasi?"

"Huyohuyo."

Mtoto akachukua ya katikati, akasema anamtunzia. Asubuhi ilikuwa imeliwa, na hakuna aliyeuliza na nani. Mpaka leo mtoto huyo hapendi skonzi. Dada yake anazipenda kwa chai tu, tena zilizopashwa. Baba ameacha kuwalazimisha.

Wakati wa kurudi Mwanza walisimama tena Omurushaka. Mwokaji ni mzee sasa, na wanawe wana kazi nyingine. Alisema kuni zinapatikana, kinachomsumbua ni bei ya unga. Tanzania huagiza nje sehemu kubwa ya ngano yake, na vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ilifika mpaka kwenye bekari za vichochoroni. Yeye hakupandisha bei ya skonzi. Alipunguza ukubwa kidogo, na wateja wa zamani wakajifanya hawakuona. Binti aliomba aone unga unavyorushwa tanurini. Mzee akampa kiganja kimoja, akamwambia asogee pembeni ya mdomo wa tanuri, arushe, ahesabu.

Ukitaka kuanza nyumbani

Si lazima usubiri safari ya Desemba, wala si lazima uwe na oveni. Jiko la mkaa na sufuria nzito vinatosha, na kazi yenyewe huwapa watoto nafasi ya kuuliza mambo wasiyouliza mkiwa mmetazamana.

Chukua nusu kilo ya unga wa ngano, vijiko viwili vya chai vya hamira ya chenga, vijiko vinne vya chakula vya sukari na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Changanya, kisha tia vijiko vitatu vya chakula vya siagi au mafuta ya kupikia. Ongeza maziwa ya uvuguvugu kidogo kidogo, kama kikombe kimoja na robo, mpaka unga ushikamane. Maziwa yakiwa ya moto sana yataua hamira. Yakikuchoma kidole, subiri.

Kanda dakika kumi, na hapo mpe mtoto zamu. Funika kwa kitambaa, uache uumuke mpaka uwe mara mbili. Dar es Salaam au Mwanza saa moja hutosha. Kayanga asubuhi ya baridi huenda ikawa mbili au zaidi. Kata madonge kumi na mbili, yaviringishe, yapange kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, kisha yaache nusu saa yaumuke tena.

Weka makaa machache chini, na mengi zaidi juu ya mfuniko. Chungulia baada ya dakika 20. Juu zikiwa za kahawia na chini zikilia ukizigonga kwa kidole, zimeiva.

Unapoyapanga madonge, yaache karibu karibu, nafasi ya kidole tu kati yake, ili yakiumuka yashikane. Ukiyatenganisha sana yataiva vizuri, lakini zote zitakuwa za pembeni.